Nusu ya Kiazi

Mama,

Viazi vimekwisha. Magunia yote, hadi vile vidogo vya kuchemsha na maganda. Nimefunga kibanda saa nane mchana na siwezi kutulia, ndiyo maana nakuandikia.

Ulipotuacha, Karanja alisema nisipopata wateja kabla mavuno haya hayajaisha, shamba lako la Kuresoi atalipanda mikaratusi. Unamjua mwanao, akisema amesema. Nikaja huku mjini, mtaa wa Kiamunyi, na viazi vyetu, na udongo wake, vile ulivyokuwa ukiwauzia madereva pale Mai Mahiu. Akina mama wa huku wakakunja pua, eti udongo utaziba sinki. Nikaviosha vikang'aa. Sasa wakasema nimeviosha kuficha uzee. Yaani, Mama, nilichoka. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyekuwa na mdomo zaidi: "Madam, hivi ni vya kukaa stoo. Mimi siwezi danganywa." Nilibishana naye wiki nzima, na kila nikibishana alizidi kuamini yake.

Halafu nikakumbuka mikono yako. Dereva akikushuku, hukumjibu. Ulivunja kiazi mbele yake ukampa nusu ashike. Mimi niliona aibu, nikakuambia unaharibu mali. Ukasema, "Mtu haamini mdomo wako. Anaamini kidole chake." Nikakucheka. Nisamehe, Mama.

Basi juzi nikamvunjia mwalimu. Kiazi kikakatika kwa mlio, maji yakamlowesha kidole gumba. Akanunua vichache tu, kwa kiburi. Lakini leo asubuhi nimemwona amesimama kibandani kwangu anamvunjia jirani yake kiazi changu, bila hata kuniomba. "Shika hapa," anamwambia. "Mimi hivi navijua kitambo."

Kitambo! Siku mbili. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikafanya yote mawili nikiwa nimeinama nyuma ya gunia. Jirani akanunua, akamwita mwenzake, na kufikia saa sita watu walikuwa wanavunjiana viazi wenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima.

Nimempigia Karanja. Ameuliza mbegu ya viazi tutatoa wapi.

Pumzika sasa, Mama. Shamba ni lako bado. Msimu ujao kiazi cha kwanza kuchimbwa nitakuletea hapo ulipolala, ukingoni mwa shamba. Na chako sitakiosha.

Njeri wako