Machozi ya Shangazi na Meno ya Mwenye Nyumba

Chumba cha Nyuma,
Nyumbani kwetu,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo wewe huko ugenini? Wifi hajambo? Watoto je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi, kimepona au unajitibu mwenyewe kama kawaida yako? Nenda kwa wenye kazi yao, bwana. Sisi huku wazima. Mjomba wako goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka linamsumbua zaidi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi nipo, bado nakata na kuunga picha za filamu pale studio, macho mekundu, mgongo umepinda.

Najua unasubiri habari za ile filamu ya mama yako. Juzi ulimtumia mama yako ujumbe wa sauti baada ya kuona kile kipande cha matangazo. Ulicheka mpaka ukapaliwa, ukamwambia kumbe ni mchekeshaji na alikuwa anawaficha. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa simu ungenikatiza katikati, ukakasirika kabla sijafika mwisho. Basi soma mpaka chini, halafu ndiyo unitukane.

Kisa chenyewe ni hivi. Mwenye nyumba anapotea asubuhi ya siku ambayo wapangaji wamemwandalia sherehe. Kinachoonekana ni meno yake ya bandia tu, yamo kwenye glasi ya maji, pale kwenye ngazi. Mkewe anaamini ameuawa. Wapangaji wanajifanya wapelelezi, kila mmoja anamshuku jirani yake, hata paka anahojiwa. Kumbe mzee mwenyewe amejificha kabatini kwa sababu anaogopa kutoa hotuba. Watazamaji wanaonyeshwa mapema, mke hajui mpaka mwisho. Mke ndiye mama yako.

Mwongozaji wetu tunamwita Kofia, maana haivui hata akila. Alimwona mama yako kwa dobi anakofanya kazi, anapiga pasi kola ya shati lake huku anamgombeza kwa jinsi alivyolichakaza. Akanijia mbio, eti amempata mke wa mwenye nyumba. Nikamwambia weee, huyo ni shangazi yangu, hajawahi hata kujifanya mgonjwa ili asiende kazini! Akasema huyo huyo.

Kofia ana mtindo wake. Kwenye filamu ya kuchekesha anataka awepo mtu mmoja asiyejua kama ni ya kuchekesha. Anasema mtu akishajua anachekesha, anaanza kutumbua macho na kuvuta midomo, utamu umekwisha. Kwa hiyo mama yako alipewa kurasa zake peke yake. Vipande vya mzee kabatini tulivirekodi siku ambazo yeye yupo kwa dobi. Aliambiwa ni filamu ya upelelezi, ya mke aliyepotelewa na mume. Ukitaka kubishana, si uongo.

Na mimi nilijua. Mimi mliyenibandika jina la Kidomo kwa kuropoka kila siri ya nyumba hii, safari hii nikafunga mdomo. Nilijiambia atafurahi akiona mwisho. Tena alikuwa amechangamka, kaka, hujawahi kumwona vile. Alikariri maneno yake huku anapiga pasi, wateja wakadhani anagombana na mashati. Lile gauni jeusi la kuigizia hakukubali mtu mwingine aliguse, alilifua na kulinyoosha mwenyewe. Fundi taa alikuwa akimwita Mheshimiwa, naye akawa anaitika.

Filamu ilizinduliwa alasiri, ukumbi umejaa. Mama yako alikaa mstari wa mbele na wenzake wa kwa dobi, amependeza, ameshika leso za kuwagawia watakaolia. Akatokea mara ya kwanza kwenye skrini, anaitazama ile glasi, anasema, “Hayo ni yake. Nayajua.” Ukumbi ukalipuka! Akageuka kutazama nyuma, kama anatafuta nani ameanguka. Akatokea tena, wakacheka tena. Kufika katikati walikuwa wanacheka kabla hajafungua mdomo. Hata wenzake walijishika mbavu, mmoja akampiga bega, wee mama una mambo! Mimi nilikuwa nyuma kwenye mtambo wa kuonyeshea, namwona kisogo tu. Hakuinuka mpaka taa zilipowaka. Heri angetoka.

Walimpigia makofi, wakapanga foleni kupiga naye picha. Akatabasamu lile tabasamu lake la wageni. Filamu imependwa, sikufichi, kila wiki ukumbi unajaa. Mtaani vijana wakimwona wanapaza sauti, “Hayo ni yake, nayajua!” Wala hawana ubaya. Anawapungia mkono, kisha kesho yake anapita njia ya nyuma. Kazini ameomba kuhamishiwa chumba cha ndani, ambako wateja hawafiki. Kofia anataka kutengeneza sehemu ya pili, naye amekataa kwa upole.

Nilimwendea kumwomba radhi. Nilijiandaa kwa matusi, na Mungu ananiona, nilikuwa nayatamani. Badala yake akaniuliza: “Mwanangu, wewe unaijua hii kazi. Nionyeshe niliharibu wapi.”

Jamani! Anadhani aliigiza vibaya. Nikamwapia kwamba aliwashinda wote. Nikamweleza mtindo wa Kofia, mwanzo hadi mwisho, nikajieleza na mimi. Alinisikiliza vizuri, akasema sawa, lakini mtu akilia sawasawa watu hawacheki.

Sasa nifike penye neno lenyewe. Kile kilio chake kirefu, ambacho hata kwenye matangazo kimo, ndicho kilichokupalia. Siku ya kukirekodi machozi yaligoma. Kofia akamwambia amfikirie mtu ambaye hana hakika kama atamwona tena. Hayo hayamo kwenye filamu, lakini mimi mkataji ninayo picha nzima kabla ya kukatwa. Mama yako akatazama chini, kisha akaita. Hakumwita mwenye nyumba. Alikuita wewe, lile jina la utotoni ambalo ni yeye tu anayekuita. Halafu akalia. Fundi taa aligeukia ukutani. Kofia mwenyewe, kwa mara ya kwanza, nilimwona akivua kofia.

Mimi nikalikata jina, nikabakiza kilio, nikabandika pale pale mzee kabatini anatafuna mkate kwa ufizi. Kicheko kile ni kazi ya mikono yangu. Nilikisogeza mbele, nikakirudisha nyuma, mpaka kikakaa mahali pake, nikajipongeza. Tuliambiwa majuto ni mjukuu, mimi nikadhani yanawahusu wazee. Kaka, roho inaniuma sana.

Ujumbe wako ulifika tukiwa naye jikoni. Aliusikiliza mara moja, akaweka simu, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Sikulaumu, ungejuaje? Filamu nayo siwezi kuirudisha, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mimi nikimsifu ananiona mnafiki. Wewe ndiye uliyeliliwa, kwa hiyo ni wewe tu atakayekuamini. Mpigie, umwambie alilia sawasawa. Na ikiwezekana njoo, maana kila mwaka tunasikia mwakani, na mwakani haishi kuzaa mwakani nyingine. Safari hii mpe tarehe ya kweli.

Mjomba wako anakusalimu, anasema goti lake lingepona kama lingeona watu fulani mlangoni. Mama yangu anamsalimu wifi na kuwabusu watoto. Jirani fundi saa anauliza kama bado unachelewa kila mahali. Kofia pia anakusalimu ingawa hakujui, naona aibu inamsumbua.

Mama yako nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza ana salamu gani. Alifikiri mpaka pasi ikapoa. Kisha akasema nikuambie asante kwa ujumbe wako, amefurahi, maana ni siku nyingi hajakusikia ukicheka.

Mungu akutunze na nyumba yako yote, akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Kidomo