Mkono Usiosalimia

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Siamini nilichokiona leo. Mezani pangu, hapa Kitale, mbele ya chai na mandazi!

Tulikuwa tunacheza mchezo wetu wa kusimulia hadithi kwa dadu, na kila mchezaji alitakiwa kumtungia shujaa wake kitu kimoja cha pekee. Kimotho, kama kawaida yake, akajipa upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe. Wabwile, anayetoka Bungoma kuja kucheza nasi, akajipa laana: mkono wa kulia unaopasua mawe, lakini mtu yeyote ukimgusa ananyauka, isipokuwa dadu ioneshe sita. Mkono wa Wabwile mwenyewe, wa kulia, uliungua kwa mafuta ya chipsi, ukapona na makunyanzi. Huuficha mfukoni. Kanisani watu humsalimia kwa kiwiko.

Basi mashujaa wakafika kwenye lango la kijiji. Analinda bibi mzee — huyo ni mimi, msimulizi. Nikasema hafungui mpaka asalimiwe. Sikuwaza! Nani huingia boma la watu bila kutoa mkono?

Kimotho akasema si tumchape tuingie, bana. Wabwile akamkemea, ati huyo ni kama nyanya yake. Akatoa mkono wa kushoto. Bibi yangu akawaka — wa kushoto! Mwishowe Wabwile akasema polepole, "Mama, huu mkono ni mbaya. Ukishika utakufa."

Jibu likanitoka tu. "Mimi nimeshazeeka. Leta."

Wabwile aliokota dadu, akairudisha chini bila kuirusha, akatoka nje. Huu ni mchezo gani jamani, unaomfikia mtu mpaka huko ndani?

Jumatano, 8 Oktoba

Simu ya Wabwile. Hakuna niaje, hakuna salamu yoyote — ameuliza kama yule bibi mzee wa mchezo bado yuko langoni. Nikasema yuko.

Ndipo akafunguka. Anataka kumwoa Rosaline wa Chwele, na safari ya kwenda kwao ameiahirisha mara mbili. Sababu ni mkono tu. Mama mkwe afadhali, kimila hasalimiwi na mkwe kwa mkono. Lakini babu yake Rosaline! "Akirudisha mkono wake nyuma, Chelagat, si nimeisha?" Rosaline naye amesema hangoji tena baada ya Jumamosi.

Nitamsindikiza. Mimi, ninayetetemeka hata kwa ndoa za wenzangu!

Jumamosi, 11 Oktoba. Chwele

Naandika ndani ya pikapu, mbele ya lango lao. Wabwile ameshuka na wajomba zake. Suti imemkaa. Mkono uko mfukoni.

Rosaline yuko mlangoni, hatabasamu. Babu anakuja mwenyewe, polepole, na bakora. Anasalimia wajomba, mmoja baada ya mwingine. Ee Mungu, amemfikia.

Amenyoosha mkono. Wabwile hatoi wake. Toa, Wabwile! Anasema kitu — nasikia kupitia dirisha. "Babu, huu mkono uliungua. Si mzuri kuangalia." Sauti haitetemeki. Machozi yananitoka na sijui kwa nini.

Ameutoa. Uko juani, mbele ya ukoo mzima. Sijawahi kuona ujasiri kama huu, na sijui kama nitauona tena.

Babu anautazama tu. Muda mrefu. Amerudisha mkono wake! La — amemgeukia mjomba, anampa bakora amshikie. Sasa mikono yake yote miwili iko huru, na anainyoosha kuufuata mkono wa Wabwile —