Mikono ya Tausi

Jumatano, Bagamoyo

Bado nimeudhika, na mimi si mtu wa kuudhika ovyo.

Nimeshinda kwenye chuo cha uuguzi nikiangalia mtihani wa vitendo kwa ajili ya makala. Mgonjwa wao alikuwa Bi Mwanahawa, mama wa mtaa wa pili, aliyeombwa alale kitandani ajifanye ana kidonda mkononi.

Mwanafunzi wa kwanza alitangaza, "Nimenawa mikono." Maji hakuyagusa. Msimamizi akampa alama zote za kunawa.

Akaingia Tausi, binti wa Saadani. Akampa Bi Mwanahawa shikamoo yake, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kimya, akafunga kidonda vizuri sana. Kwenye kunawa akaandikiwa sifuri. Na ukikosa hapo umefeli mtihani mzima, unarudia mwaka.

"Lakini amenawa," nikasema.

"Hakutamka, dada mwandishi. Fomu inataka atamke."

Bi Mwanahawa akainuka. "We mwanangu, yule wa kwanza kanishika na mikono ya chapati! Mafuta yake haya hapa."

"Bibi, mgonjwa haongei."

"Basi na huyo wenu angenyamaza, akanawa!"

Fomu haikubadilika.

Nje Tausi alikuwa akinisubiri, keshaambiwa amefeli. "Mama, nimekosea wapi?"

Nilikuwa nimekiahidi chuo kutozungumzia alama na mwanafunzi yeyote. Nikamwambia sijui. Miaka yote hii nimewabana watu wanijibu, na leo nimeulizwa mara moja tu, nikakwepa.

Kesho narudi kwa msimamizi, kumbana kuhusu hiyo fomu.