Nilimwona Akinitafuta, Nikanyamaza

Jumamosi, alasiri.

Mawingu yamelala juu ya milima tangu asubuhi na mvua imekataa kushuka. Joto limenikaa shingoni kama kitambaa kibichi. Ziwa limetulia, limepauka kama maji ya mchele, na katika Rumonge nzima naona ni mimi tu nisiyetulia. Nimekaa, nimesimama, nimefagia ua mara mbili. Gauni la harusi la mteja nimelishonea mkono wa kushoto upande wa kulia, nikaufumua, nikakosea tena.

Basi nimeiacha cherehani. Nimeshika simu, naandika.

Yapata mwezi sasa tangu turudi kutoka Ubelgiji. Mnaosoma hapa mliziona picha: mimi na mume wangu kando ya mifereji, mimi na mume wangu chini ya mnara, koti la kuazima likinifika chini ya magoti. Mlitupongeza. Mmoja wenu aliandika kwamba tumerudi kuwa maharusi. Nilisoma maneno hayo nikaizima simu haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Kuna jambo sikuliandika.

Binti yetu Rehema ameolewa Gent, na ndiye aliyetualika. Siku kumi za kutembea tu, bila kazi. Mimi na Baba Rehema hatukuwahi kufanya hivyo tangu tuoane, na sasa ni miaka ishirini na sita. Yeye alifundisha historia shule ya sekondari mpaka alipostaafu. Miji aliyoichora kwa chaki miaka yote ile, sasa alikuwa anaipapasa kuta zake kwa kiganja. Kila jengo alikuwa na habari zake: nani alilijenga, nani alilichoma, sufu ilitoka wapi, vitambaa vilikwenda wapi. Alitembea mbele akieleza, mimi nyuma nikiitikia. Kama hapa nyumbani tu, tofauti ilikuwa baridi.

Siku ya sita tulipanda treni, sisi wawili, kwenda Bruges. Rehema alikuwa kazini. Alituonya kama watoto: mkipoteana, rudini uwanja mkubwa, chini ya mnara wenye saa.

Katika kichochoro kimoja, mlangoni mwa duka dogo, alikaa bibi mzee wa Kizungu na mto magotini. Vijiti vingi vya uzi vilikuwa vinaning'inia kwenye ule mto. Vidole vyake vilivirusha huku na huku, na chini ya vidole dantele ilikuwa inazaliwa, lesi nyembamba kama utando wa buibui. Mimi ni fundi wa nguo. Miguu ilikataa kuondoka. Yule bibi aliniona, akapunguza kasi ili nishike mwendo wa vijiti. Hatukuwa na lugha moja. Tulicheka tu.

Nilipoinua macho, mume wangu hakuwepo.

Baadaye alisema alitembea mtaa mzima akinieleza habari za wafumaji wa zamani, na alipogeuka kusikia nasemaje, alimkuta nyuma yake mtu mwingine kabisa, na mbwa wake.

Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Sikuogopa. Nilirudi uwanjani nikiuliza kwa Kifaransa changu cha sokoni, nikanunua friti, viazi vya kukaanga, kwa sarafu alizonipa Rehema, nikakaa kwenye ngazi za jengo moja, ng'ambo ya magari ya farasi. Nilikula polepole. Watu walipita, hakuna aliyejua mimi ni mke wa nani, mama wa nani, gauni la nani limechelewa. Nilikuwa na mafuta ya friti kwenye vidole na moyo mwepesi ambao sikumbuki niliuacha wapi ujanani.

Halafu nikamwona.

Aliingia uwanjani akikimbia, yeye asiyekimbia hata mvua. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Alimsimamisha mama mmoja mwenye kigari cha mtoto, akamwonyesha picha kwenye simu. Akamwendea mwenye farasi. Akawaendea vijana wa Kichina, au Kijapani, sijui. Kila mmoja alitikisa kichwa. Alizunguka pale alipo kama mtu aliyefungwa macho.

Na mimi sikumwita.

Kunyanyua mkono tu ingetosha. Nilitafuna friti nikamtazama. Saa ya mnara ilikuwa mbele yangu, siwezi kusema sikujua muda. Ilikuwa dakika ishirini. Katika miaka ishirini na sita sikuwahi kumwona mtu huyu akinihitaji, alikuwa akihitaji shati, chakula, chai. Sasa alikuwa ananihitaji mimi, mbele ya mji mzima, na utamu wake ulinilevya. Nilitaka niongezewe kidogo.

Alipochoka aliketi ukingoni mwa njia, akaweka mikono yote miwili kichwani, kama tunavyoweka kwenye msiba. Hapo ndipo aibu iliponishika, nikainuka. Aliponiona alinikumbatia, akanishika mkono mpaka stesheni ya treni. Nilimwambia ndiyo kwanza nafika pale.

Huo ndio uongo niliorudi nao.

Tangu hapo kisa kile kimekuwa burudani ya kila mgeni. Asubuhi hii walikuja majirani zetu, Mzee Hamisi na mkewe Mama Zawadi. Chai ilipomiminwa, nikajua kinachofuata.

"Naangalia nyuma hivi, bibi yangu haiko!" Baba Rehema alipiga goti lake. "Nazunguka, nauliza, bibi haiko! Kumbe iko kwenye uwanja, analia kama mutoto."

Wageni walicheka. Mama Zawadi alinipapasa bega. "Pole, mama. Ulaya iko mbaya."

Kulia kumeongezwa wiki hii. Wiki iliyopita, katika kisa chake, nilikuwa natetemeka tu. Niliingia ndani nikakanyaga cherehani bila nguo, sindano ikidunda hewani, mpaka niliposikia wageni wanaaga.

Nilitoka nikamkuta anakusanya vikombe, jambo analolifanya tangu turudi. Hilo ndilo lililonivunja, vile vikombe.

"Baba Rehema, mimi sikulia."

"Najua," alisema akitabasamu. "Ni chumvi ya kisa."

"Nilikuona. Tangu unaingia mu uwanja. Nilikuwa kwenye ngazi nakuona, na sikukuita."

Alibaki ameshika vikombe viwili kwa vidole.

"Muda gani?"

"Dakika makumi mbili."

Sijui nilitegemea nini. Afoke, labda. Aliviweka vikombe chini taratibu, akavaa viatu, akasema anakwenda Magara kununua mukeke. Soko la Rumonge lina samaki wa kutosha, hata wanunuzi wa Magara wenyewe huja kwetu na hawawamalizi. Sikumwambia hivyo. Nilisikia pikipiki ya kukodi ikiwaka barabarani.

Saa tatu zilizofuata sizitakii adui yangu. Nilichemsha maharage, nikasahau maji, yakaungua. Nilimpigia Rehema, alipoitika nikamuuliza kama kuna baridi. Akasema, "Mama, iko nini?" Nikasema hakuna kitu, nikakata. Nilijitanda kanga, nikashuka hadi ziwani. Wanawake walikuwa wanaanua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kabla mvua haijaamua. Mmoja alinisalimia amahoro, nikaitikia bila kumwangalia. Kila pikipiki iliyotoka upande wa Magara niliigeukia. Nikajisikia mjinga: mtu mzima, natafuta kofia moja kati ya kofia za barabara nzima.

Nilirudi nyumbani nikafagia ua. Ile ilikuwa mara ya pili.

Alirudi saa nane na nusu. Bila samaki.

Aliketi kwenye kiti changu cha kushonea, mahali asipokaa kamwe, akaanza kusema akiangalia sakafu.

Alisema usiku wa kuamkia safari ya Bruges alitusikia mimi na Rehema kwenye roshani. Nilikuwa nimesema, "Hapa mutu anaweza kuishi." Nakumbuka. Nilisema hivyo kwa sababu ya bomba la maji ya moto, au nafikiri ilikuwa kwa sababu hiyo.

"Basi nilipogeuka haukuwa nyuma," alisema, "sikufikiri umepotea. Nilifikiri umenitoroka."

Niliketi kwenye kigoda mbele yake.

"Ndiyo maana sikuenda kwa polisi. Ningewaambia nini? Na kitu ingine, Mama Rehema." Alivua kofia, akaiweka magotini. "Pasipoti yako ilikuwa kwangu, mu mfuko ya koti. Nikiwa natafuta, niliigusa. Nikaikuta. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu hataenda mbali."

Alishika mkasi wangu, akaurudisha mezani.

"Kisha nikaona haya. Nikaketi chini. Uliniona vile nimeketi?"

"Nilikuona."

"Ilikuwa haya ile."

Kumbe ile mikono kichwani haikuwa ya kunililia mimi tu. Kwa mwezi mzima nimejiona mwizi peke yangu, kumbe ndani ya nyumba hii tulikuwa wawili, kila mmoja ameficha chake, na kicheko cha wageni kikitufunika wote. Nilitaka kumkasirikia kwa ajili ya ile pasipoti. Nilikasirika kweli, bado nimekasirika kidogo. Lakini sikuweza kumtolea hasira yote, kwa sababu dakika zangu ishirini zilikuwa zimekaa katikati yetu.

Aliniuliza kama nilitaka kubaki kule.

Ningeweza kusema hapana. Ningeapa, akafurahi, nikawasha moto wa chakula kingine. Nilimwambia kwamba kwa zile dakika ishirini, ndiyo.

Alitikisa kichwa polepole, kama alivyofanya akisahihisha mtihani na kukuta jibu ambalo hakulifundisha yeye.

Adhana ya alasiri ikaita. Yeye husimama kabla muadhini hajamaliza neno la kwanza. Leo alikaa mpaka ikaisha. Kisha akaniangalia, akauliza swali fupi:

"Sasa unataka nini, Zaituni?"

Jina langu. Tangu Rehema azaliwe hajaliita, labda kwenye ofisi za karatasi tu.

Niliinama nikaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni.

"Nitarudi," alisema akivaa kofia. "Unifikirie jibu. Na usinipunguzie, hata kama inauma."

Sala imekwisha zamani. Nimewaona wazee wa mtaa wakipita kurudi makwao, yeye bado. Labda ameketi msikitini akinipa muda. Labda anaogopa kurudi.

Nikiri tu hapa. Miaka yote hii nimemlalamikia moyoni kwamba haniulizi. Nimewaambia dada zangu haniulizi. Nimekaa juu ya ngazi za Wazungu nikila friti na kumwadhibu mtu kwa sababu haniulizi. Leo ameuliza, na mimi sina jibu. Bruges siitaki, kule nilikuwa mgeni mwenye koti la mtu. Kuondoka hapa sitaki. Kubaki kama tulivyokuwa, hilo nalo sitaki, na hili ndilo neno pekee lililo tayari mdomoni.

Labda nianze na hilo. Labda nimwambie kwamba sijui, kwamba hakuna aliyenizoesha kulifikiria swali hilo, hata mimi mwenyewe.

Matone ya kwanza yameanza kugonga bati. Mlango wa ua umefunguliwa, na namsikia akijipangusa miguu kizingitini, taratibu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Naweka simu chini.