Gavana Alitia Sahihi Mwenyewe

Al Mansoura, Doha
Ijumaa, siku yangu ya mapumziko

Mama yangu mpenzi,

Shuleni tulifundishwa kuandika "salamu nyingi kama mchanga wa bahari". Huku mchanga unaingia mpaka ndani ya sufuria ya ugali, nimeshauona si kitu cha kujivunia. Nakuletea salamu chache, ila za kweli. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliipaka, au uliigawia kwaya nzima? Mimi ni mzima. Joto limeanza ukali wake, nguo unazianika na kuzianua kabla hujanywa chai, lakini kazini tunakaa kwenye baridi ya mashine siku nzima, kwa hivyo mafua ya hapa ni ya ajabu. Nashukuru Mungu.

Najua umezoea sauti yangu kwenye simu. Leo nimeandika kwa sababu simu yako inakaa kwa ndugu yangu Ezekieli, na kila neno langu humfikia yeye kabla yako. Hata ule ujumbe wa sauti ulionitumia Jumapili, nilimsikia akikohoa kando yako. Barua hii anakuletea Consolata mkononi. Ni msichana wa Busia tunayelala naye chumba kimoja, anakuja likizo. Vaa miwani, funga mlango, uisome mwenyewe.

Kwenye ule ujumbe ulisema, "Damari mwanangu, weka hiyo sahihi mambo yaishe." Nimeusikiliza mara nne. Jibu ni hapana, Mama. Nalisema mapema usije ukasoma kurasa zote hizi ukiwa na matumaini.

Hiyo karatasi wanayotaka nitie sahihi ilinifuata mpaka kazini. Nilikuwa mapokezi, pale kwenye jengo letu la West Bay, saa nne asubuhi, akaingia bwana mmoja Mkenya, dereva wa kampuni fulani huku. Alisema yeye ni binamu wa msaidizi wa Gavana wetu. Alitaka tuzungumze pembeni. Nikamwambia hapa hakuna pembeni, kila mgeni anaandika jina, namba ya kitambulisho, saa na sababu ya kuja. Kwenye sababu akaandika "binafsi". Kisha akanifungulia bahasha. Hati ya kiapo, imepigwa chapa vizuri, inasema kwamba mimi Damari, niliyekuwa karani wa masjala katika ofisi ya Gavana, katika zile wiki za vurugu sikupokea barua hata moja ya mtu kuomba ulinzi.

Akasema, "Dada, ni sahihi tu."

Nikamwambia, "Kama ni sahihi tu, mbona mmevuka bahari kuifuata?"

Hapo akabadilika. Akanikumbusha kwamba ndugu yangu anaendesha lori la maji la kaunti, na kazi ya kaunti ni kama yai. Akaongeza kwamba hata kampuni za huku hazipendi mfanyakazi mwenye mambo ya mahakama kwao. Supavaiza wangu alikuwa anapita, akauliza kama kuna shida. Nikasema hakuna, mgeni anaondoka. Nikamgeuzia daftari aandike na saa ya kutoka.

Sasa nisikilize, maana kuna jambo sijawahi kukueleza. Wewe ulijua nafanya kazi kwa Gavana, basi, ukawa unawaringia akina mama sokoni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Barua ikiingia naifungua, naigonga muhuri, naipa namba. Kisha naiandika kwenye kitabu cha kukabidhi na kuipeleka juu, na anayeipokea anatia sahihi kando ya namba. Bila sahihi barua haiachwi. Siku zote aliyetia sahihi alikuwa Bi Loise, sekretari wa Gavana.

Wiki moja ya zile vurugu Bi Loise hakuwepo. Naye alikuwa mmoja wa wale waliobandikwa jina la madoadoa, eti watu wa kuja waliochafua kaunti, ilhali alizaliwa hapo hapo. Jumatatu nyumba yake ilipigwa mawe, akakimbia na watoto juu ya lori la vitunguu. Kiti chake kilikuwa kitupu, sweta bado limening'inia. Mimi na barua zangu nikaingia moja kwa moja kwa Gavana. Alikuwa kwenye simu, akanionyesha meza kwa kidole, niziache. Nikasimama. Alipokata simu nikamwambia, "Mheshimiwa, naomba sahihi." Akacheka, akawaambia wazee waliokuwa wamekaa naye kwamba huyu msichana hata malaika angemdai sahihi. Akachukua kalamu yake ya wino wa kijani akasaini. Siku tatu mfululizo nilifanya hivyo, na siku tatu alisaini kwa mkono wake. Wangemwacha Bi Loise kwake, leo wangemtupia yeye lawama zote. Waliomfukuza ndio waliomponza bwana wao.

Na Mama, barua moja katika zile ilikuwa yako.

Usijifanye umesahau. Ile ya Chama cha Akina Mama wa kanisa, uliyoiandika wewe kama katibu, kwa ule mwandiko wako unaolala upande kama mtu anapanda mlima. Uliomba askari wapelekwe shule ya msingi, ambako majirani zetu walikuwa wamejificha na watoto. Uliandika, "Hawa si madoadoa, ni watu tuliozikana nao." Niliigonga muhuri Jumatano. Nilijisikia fahari, nikaiweka juu ya zingine zote ili aione kwanza. Akasaini. Askari hawakwenda. Ijumaa wale vijana waliokuwa wakipiga nyumba mawe waliingia shuleni, na mume wa Mama Tabitha, fundi viatu wetu, akauawa mlangoni mwa darasa la nne. Ni wewe uliyemfunika kwa leso yako.

Kwa hivyo ukiniambia niape kwamba hakuna barua iliyofika, unaniambia niape kwamba mama yangu hakuandika. Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulinifunza mapema, sasa unataka nisahau kwa sababu ya lori la maji? Nimekasirika, Mama. Nakupenda na nimekasirika, vyote viwili viko ndani ya barua hii, utavipokea pamoja.

Nimesikia tume ya uchunguzi itakaa mjini kwetu mwezi ujao, na Mama Tabitha ataitwa. Mawakili wa Gavana wameshasema redioni kwamba hakupokea barua yoyote, angepokea angechukua hatua. Watamwita yule mama mwongo mbele ya watu wote, na mumewe yuko kaburini. Hilo sitalikubali.

Kile kitabu cha kukabidhi kipo. Kilipojaa niliambiwa nikipeleke stoo, lakini wiki hiyo hiyo niliona mafaili ya stoo yakipakiwa kwenye pikapu, na hayakurudi. Nikakiweka ndani ya sweta nikaja nacho nyumbani. Kiko kwako. Kabati la vyombo, lisogeze kidogo, ingiza mkono kati ya mbao ya nyuma na ukuta. Kimefungwa kwenye mfuko wa unga. Miaka yote hii umekuwa ukipangua sahani mbele yake.

Mkabidhi Mama Tabitha. Si mchungaji, si chifu, si Ezekieli. Yeye mwenyewe, mkononi, kwenye kile chumba alichopanga nyuma ya soko.

Sikuachii mzigo peke yako. Tume nimeshawaandikia jina langu kamili na mahali nilipo, na nimesema niko tayari kuulizwa kwa simu ya video siku watakayotaka. Mkataba wangu wakiuvunja, nitapanda ndege nirudi, sikuzaliwa Doha. Ezekieli najua atafukuzwa. Inaniuma, nilimbeba mgongoni huyo. Mwambie hasira zake azilete kwangu, asikupigie wewe kelele. Mkono wa kuendesha lori utapata lori lingine.

Ukiogopa, ogopa. Hata mimi naogopa. Lakini ile Jumanne uliyoandika barua yako barabara ilikuwa imefungwa kwa magogo, na ulipita.

Nisalimie Shangazi Ruthi, mwambie sauti yake ya kwaya naikumbuka hata pale inapopotea. Msalimu Mjomba Eliya, aache kuuza kuku wako bila kukuuliza. Wifi yangu Jerusha, mke wa Ezekieli, mwambie yeye hana kosa lolote kwangu. Na Mama Tabitha umpe salamu zangu za pekee, ukimpa na hicho kitabu.

Mimi binti yako,
Damari

Jambo la mwisho. Consolata amebeba kidaftari cha kahawia. Mistari nimeipiga mwenyewe: tarehe, barua, aliyepokea. Ukimaliza kusoma, hata kabla hujamwekea chai, andika jina lako lote hapo kwa ule mwandiko wako, naye atanirudishia. Usinikasirikie, unajua nilivyo. Sitaki kesho mtu aje akuombe useme haikukufikia.