Kuni za Mugumo

Majengo, Nyeri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta umeketi barazani, goti limepoa na kikohozi kimekwenda zake. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Nyeri haina adabu, inaingia mpaka ndani ya blanketi bila hodi. Mimba inaendelea vizuri, na mkunga anasema nitajifungua kabla ya mvua kubwa. Lakini mama, nakuandikia nikiwa na hofu, na sitaki kukuficha. Ni habari ya jina la Zena.

Uliponiruhusu kuolewa na Idi, huku baba mdogo akisema nakwenda kupotea bara, uliniomba kitu kimoja tu: binti yangu wa kwanza aitwe Zena, jina la marehemu dada yangu. Nikakuahidi. Sikujua kwamba huku binti wa kwanza huchukua jina la mama wa mume, na kwamba hilo halina mjadala. Idi amesilimu, anaswali na anafunga, lakini nilipomtajia jambo hili alikuna kichwa. "Hiyo maneno uulize mama mwenyewe," akaniambia. "Mimi siwezi."

Basi tulikwenda kwao. Mpaka Karatina tulipanda lori la viazi, kisha tukashika njia kwa miguu, polepole kwa ajili yangu. Mama, Mungu ameumba. Bonde lao limejificha chini ya mlima, na mto unashuka humo ukiwa baridi hata meno yanauma. Kuna maporomoko ambayo utayasikia kabla hujayaona. Kuna na pango ambalo watu walijificha wakati wa vita vya kudai ardhi. Juu ya mto kuna kijisitu cha miti mikubwa wanayoiita mugumo, na hapo ndipo wazee wao husimama kuomba, wakiuelekea mlima. Hilo la mwisho niliambiwa baadaye, maji yalipokwisha kumwagika.

Jirani yangu, Mama Wangeci muuza mboga, alikuwa amenifunza adabu za ukweni. "Bibi ya Idi, usiende kwa mama ya bwana yako mikono mitupu," alisema. "Sukari ni sawa, lakini kuni ndio heshima. Akiona umebeba kuni atajua amepata mtoto." Nikalishika neno lake. Tulipofika juu ya mto, Idi alikutana na mwenzake aliyetahiriwa pamoja naye, wakaanza mazungumzo yasiyokwisha. Mimi nikatangulia hadi kwenye ile miti, nikakuta matawi makavu yamelala chini tele, mazuri, kama yaliyowekwa kwa ajili yangu. Nikafunga mzigo kwa leso yangu. Idi aliponikuta nimeubeba alicheka kwa furaha, asiniulize kuni nimezitoa wapi.

Mama mkwe alitupokea uani kwa mikono miwili. Kisha akauangalia ule mzigo, na uso ukabadilika.

"Hii kuni umetoa wapi?"

Nikaonyesha kule juu. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakasimama, mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Idi akashika kichwa. Mama mkwe hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitia baridi zaidi. "Hata ile wakati ya vita, ile ya Emajensi," alisema, "watoto wakilala na baridi, wengine wakikufa, hakuna mtu aliokota kuni hapo. Hata kijiti moja."

Nilisikia wanawake wakinong'ona wakiangalia tumbo langu. Mama, mimi najua Mungu ni mmoja na mti ni mti. Hata hivyo niliogopa. Nilimwogopea mtoto, nikaliogopea na jina nililofuata, maana nani angenisikiliza tena?

Niliinama niuchukue mzigo niurudishe. Mama mkwe akanizuia. "Wewe uko na mimba," akasema. Akaufunga kwa mkanda wa ngozi, akaupitisha mkanda kwenye paji la uso, akaubeba mgongoni, nami nikamfuata nyuma kama kuku. Tulipofika akarudisha matawi chini, moja moja, akiomba kwa lugha yao. Alipomaliza akaikung'uta leso yangu, akanirudishia.

Ndipo akaniuliza nimekuja kutaka nini, kwa maana mwanawe alionekana ana jambo amelificha. Nikamwambia yote, la Zena na homa iliyomchukua, na wewe ambaye mpaka leo hujaigawa nguo yake hata moja. Nililia mama, sikuweza kujizuia. Yeye akaniambia naye alizika watoto wawili wakati ule ule wa Emajensi.

Nikadhani amekubali. Lakini alisema hivi: "Jina si chumvi ati utatuma mtoto aombe kwa jirani. Mtoto wangu alioa, wazee wakakunywa chai huko kwenu, lakini mimi sijaona mama yako. Huyo mwenye kulia aje aniambie na mdomo yake. Akikuja, tutaongea wamama wawili. Asipokuja, mtoto akiwa msichana ni Nyambura." Nyambura ndilo jina lake. Kisha akanitemea mate kidogo kiganjani, ambayo ni baraka yao, tukashuka nyumbani tukala.

Tangu turudi silali vizuri. Najua hujawahi kupanda gari moshi, najua goti lako, na najua ulivyoapa hutaondoka penye kaburi la Zena. Lakini siku zinakimbia, nami siwezi kulisema jambo hili kwa niaba yako, nimejaribu. Idi atakungoja stesheni.

Msalimie sana baba mdogo, umwambie sijapotea. Msalimie shangazi aliyenisuka nywele za harusi, na jirani yetu anayekusomea barua hii, naye asikurukie mstari hata kama unalia. Njoo na sweta, mama. Njoo na ile kanga ya Zena ya manjano, umwonyeshe.

Mimi mwanao akungojaye,
Rukia

Mama, nimesahau kitu. Mkifika juu ya mto, kwenye miti mikubwa, utaona kuni nzuri kavu. Usiokote.