Chonge mbili za Milembe

Jumanne. Jua kali, vumbi la Segese limeingia mpaka kwenye ugali, na mimi nina hasira tangu asubuhi.

Nimeishia darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja, lakini wa kunifunga mdomo hajazaliwa. Nimeshuka maduara, mashimo ya dhahabu ambayo vijana wa leo wakichungulia tu wanaita mama zao. Leo kabinti kenye koti jeupe kameniuliza swali, nikafoka hospitali nzima ikageuka.

Nilimpeleka mjukuu wangu Milembe kwa daktari wa meno, Ushirombo. Ana miaka minne, ana mtindio wa ubongo. Shingo imekaza mwaka jana tu. Meno yalichelewa, yakaja moja moja, na anayasaga kutwa nzima kama anasaga mtama. Daktari akasema kuchelewa si ajabu kwa watoto kama yeye, ila kule kusaga kunayamaliza. Kisha akachungulia taya la chini.

"Babu, chonge zote mbili hazipo. Alichimbwa meno ya plastiki?"

"Unaniona mshamba? Ni ugonjwa wake huo!"

Akaandika hivyo hivyo. Akasema basi tusubiri, pengine zitaota.

Nafika nyumbani, jirani yetu Mama Kulwa ananingoja na ushauri wake.

"Shikamoo Baba Ng'wasi. Huyu mate hayakauki. Mrudisheni kwa yule bibi wa spoku, amchimbe tena."

"Marahaba, na utoke! Kachimbe wa kwako!"

Akaondoka anacheka. "Makubwa! Si wewe uliyeniuliza nyumba yake iko wapi?"

Ni mimi.

Milembe alikuwa na miezi saba, homa haishuki, shingo inaanguka. Mama yake, binti yangu Ng'wasi, alikuwa Bulyanhulu anauzia wachimbaji chakula. Nikaambiwa meno ya plastiki, eti meno mabaya yaliyojificha ndani ya ufizi, ndiyo yanayomlegeza shingo. Nikambeba mwenyewe. Nilimshika kichwa kwa mikono hii, bibi akachimbua ufizi kwa spoku ya baiskeli. Nikaonyeshwa vitu viwili vyeupe, laini. Nikatamba njia nzima kwamba nimemponya mjukuu wangu.

Vilikuwa vijino vyake, chonge zenyewe kabla hazijaota.

Namkasirikia yule bibi. Namkasirikia Mama Kulwa, na huyo daktari kwa macho yake makali. Lakini yule mtoto hakujipeleka.

Ng'wasi hajui. Kila akimwogesha anapapasa ufizi kwa kidole, ananiambia, "Baba, bado tu." Na mimi namjibu zitakuja. Miaka yote hii, zitakuja!

Milembe ana neno moja tu linaloeleweka, Guku, ndiyo babu kwa Kisukuma. Jioni hii ameniita huku anacheka, mapengo yote mawili nje.

Asubuhi, kabla Ng'wasi hajaingiza kile kidole, nitamwambia. Halafu twende Ushirombo wote watatu, daktari afute alichoandika.

Nimeshuka mashimo marefu bila kamba. Mbona hili ndilo ninaloliogopa?